Shajara ya Faharasa: Kulitafutia "Sobering" Kiswahili Chake

Hapa Tanga tunaandaa faharasa ndogo ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya wafasiri na watangazaji wa redio za jamii, hasa wale wanaopokea ripoti ya afya au ya mazingira asubuhi na kutakiwa kuisoma hewani jioni. Vidahizo vingi, yaani maneno yanayofafanuliwa kwenye faharasa, vinaandikwa vikaisha kwa kikao kimoja. "Sobering", neno la Kiingereza linalosifu jambo linalomtoa mtu katika kujisahau, kimegoma, na kwa kuwa ni kivumishi kinachojirudia karibu katika kila ripoti nzito, nimekifungulia shajara yake. Anayetaka kuiga njia hii kwa neno jingine aichukue, aibadilishe apendavyo.

12 Januari 2025. Hali tuliyoanzia

Nimekusanya tafsiri zilizomo kwenye mafaili yetu. Mfasiri mmoja ameandika "takwimu za kusikitisha", wa pili "takwimu za kutisha", wa tatu "takwimu za kushtua". Matini chanzi ni ya aina moja: mwandishi wa Kiingereza anaeleza mafanikio kwanza, kisha anageuka na kusema kwamba namba za mwaka huu ni "a sobering reminder".

Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayofanya kazi ya neno lile. Ukisikitika, unatoa pole, habari imeishia hapo. Ukitishwa, unakimbia. Dada mmoja muuguzi aliyetusomea rasimu amesema wazi kwamba lugha ya vitisho redioni humfanya mgonjwa achelewe zaidi kufika kituoni kwa kuogopa atakachoambiwa. "Kushtua" nalo limechoshwa na vichwa vya habari. Kila kitu siku hizi kinashtua, mpaka msikilizaji hashtuki tena.

Gharama mpaka sasa: bando la intaneti, shilingi 10,000.

19 Januari. Asili ya neno, na wanavyolitumia wenyewe

Asili kwanza, kwa ufupi. "Sober" liliingia Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa cha kale. Mzizi wake ni Kilatini, sobrius, neno lililounganishwa na se-, yaani bila au mbali na, na ebrius, yaani aliyelewa. Kwa hiyo mwenye hali hii ni mtu asiyelewa. Likawa pia kitenzi: kumtoa mtu ulevi. "Sobering" ni kivumishi kilichozaliwa na kitenzi hicho, na kinasifu kile kinachomtoa mtu ulevi. Hakimsifu mtu aliyetolewa.

Hapo ndipo wafasiri wanapoteleza sana. "A sober report" ni ripoti iliyoandikwa kwa utulivu, haina chumvi wala jazba. "A sobering report" inaweza kuandikwa kwa mtindo wowote. Kinachotajwa ni kile inachomfanya msomaji. Nimeona ya pili ikitafsiriwa kama ya kwanza, "ripoti yenye kiasi", na maana yote ikayeyuka. Kuna pia "sombre", lenye sauti ya kukaribiana nalo lakini la ukoo mwingine kabisa. Hilo ni la huzuni na giza: uso wa majonzi, wimbo wa maombolezo.

Matumizi nimeyatafuta kwenye kongoo mbili, yaani hazina kubwa za matini zilizokusanywa ili kuchunguza lugha, zinazopatikana mtandaoni: ile ya Uingereza yenye maneno milioni 100, British National Corpus, na ile ya Marekani yenye zaidi ya bilioni moja, COCA. Nomino zinazofuatana na neno hili ni zilezile bara zote mbili: wazo, kumbusho, uhalisia, takwimu, habari, uzoefu, funzo, athari. Nyingi ni za mambo yanayoingia akilini. Huwezi kusema kiti ni "sobering", wala mvua, labda mvua hiyo iwe imemfunza mtu jambo.

Mambo mawili yamejitokeza ambayo kamusi nilizo nazo mezani haziyasemi. Kwanza, neno hili halitumiki kwa furaha hata kidogo. Jambo la kufumbua macho linaweza kuwa zuri, hili kamwe. Pili, na hili ndilo nimelikalia jioni nzima, linasemwa na mtu aliyesimama pembeni kidogo. Chukua ajali ya MV Bukoba ya 21 Mei 1996, pale Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Meli ilikuwa imebeba abiria kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Mkaguzi wa vyombo vya majini akiisoma habari ile leo, Kiingereza kitasema kwake ni "sobering". Aliyempoteza mama mle ndani hawezi kuambiwa hivyo. Kwake ni msiba, na neno linalomstahili ni pole. Tafsiri yoyote tutakayoichagua lazima iheshimu mpaka huo, kwa sababu redio inasikilizwa na wote wawili kwa wakati mmoja.

2 Februari. Jaribio la kwanza: levusha

Nilianza na neno lililoonekana kuwa ndugu wa damu. Kiswahili tunacho kitenzi levuka: kutokwa na ulevi. Mtu alilewa, sasa amelevuka. Ukilinyambua kama amka na amsha, unapata levusha. Na sisi tunautumia ulevi kwa maana ya mafumbo kila siku: fulani kalewa sifa, fulani kalewa madaraka, wale wamelewa ushindi. Kwa nini basi takwimu zisitulevushe?

Nimelipeleka kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Chumbageni, ambao wamekubali kutusikiliza kila wanapokutana. Mimi nasoma sentensi kama mtangazaji, wao wanaendelea na shughuli zao za hisa, kisha nauliza wamesikia nini. Nimesoma: "Hizi ni takwimu za kulevusha."

Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, takwimu zinalevya vipi?"

Jaribio likafia pale. Masikio ya kila mtu yamezoea "dawa za kulevya", na kati ya kulevya na kulevusha redioni hakuna nafasi ya kutosha. Neno limesikika kwa maana iliyo kinyume chake. Vijana wawili waliokuwa wamekuja na mama zao hawakuwa wamewahi kulisikia levuka kabisa. Kwenye maandishi ya fasihi huenda likasimama, hewani haliwezi.

Gharama: kuchapa karatasi za sentensi, 6,000, sukari na chai ya kikundi, 15,000.

16 Februari. Fikirisha, nzito, tanabahisha

Yote matatu yamepita kwenye baraza moja, nayaandika kwa pamoja.

"Ya kufikirisha" linaeleweka na kila mtu, ila limezoeleka kwenye mafumbo, mashairi na maswali ya chemsha bongo. Halina uchungu. Mtu anaweza kufikirishwa huku anatabasamu.

"Nzito" lina uzito wa kutosha lakini mitaani limeshapewa kazi nyingine: habari nzito ni habari kubwa inayosubiriwa kwa hamu, ya kisiasa au ya kumhusu mtu maarufu. Ukisema "takwimu nzito", vijana wanasogea kusikia nani kafanya nini.

"Ya kutanabahisha" ndilo lililonipendeza mimi mwenyewe. Kutanabahi ni kugundua ulichokuwa umekighafilikia, na kughafilika kuna ndani yake ile hali ya mtu aliyejisahau. Wazee wa pwani wamelipokea mara moja. Walimu pia. Ila mtangazaji wetu aliyekulia Shinyanga amelisoma kwa kusitasita, na akasema wasikilizaji wa bara watalipita bila kulisimamia. Linabaki kwenye faharasa kama kisawe cha maandishi, si cha hewani.

23 Februari. Zindua, na mgongano wake

Hili ndilo lililotuchelewesha zaidi, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Kuzindua ni kumtoa mtu usingizini au kwenye bumbuwazi, kumrudishia fahamu. Kwa maana, liko karibu na "sobering" kuliko neno lolote tulilojaribu: lina hali ya kabla, lina mshtuko kidogo, na mwisho wake ni akili timamu badala ya woga. Nikamwandikia mwenzetu mmoja mwenye asili ya Zanzibar aliyekulia Muscat. Akaniambia kwamba Kiarabu kinapita njia hiyohiyo: kitenzi sahaa kinatumika kwa aliyeamka usingizini na pia kwa aliyetokwa na ulevi. Hilo lilinipa moyo. Kama lugha moja kubwa inaziona hali hizo mbili kuwa kitu kimoja, basi kuziweka pamoja kwa Kiswahili si kulazimisha.

Tatizo ni kwamba kuzindua kuna kazi ya pili yenye nguvu kuliko ya kwanza. Viongozi wanazindua. Wanazindua barabara, kampeni, visima, na hasa ripoti. Niliposoma "ripoti ya kuzindua", kikundi kizima kilielewa ni ripoti iliyozinduliwa, na mama mmoja akauliza ilizinduliwa na waziri gani. "Takwimu za kuzindua" zikasikika kama takwimu za siku ya uzinduzi.

Nimejaribu kuongeza maneno: "takwimu za kuzindua watu usingizini". Inaeleweka, lakini ni ndefu, na inamtuhumu msikilizaji kwamba alikuwa amelala. Mkulima aliyeamka saa kumi alfajiri hatapenda kuambiwa hivyo na redio.

Tiba imepatikana kwenye sarufi, na wala haikutugharimu shilingi. Tatizo lote lilitokana na kung'ang'ania kivumishi kwa sababu Kiingereza kinatumia kivumishi. Ukigeuza kikawa kitenzi kamili chenye kiambishi cha mtu, mgongano unaondoka. Ripoti haizinduliwi na ripoti, lakini "ripoti imetuzindua" haina utata: kinachozinduliwa ni sisi. Nimeisoma hivyo barazani, na hakuna aliyeuliza habari za waziri. Na ile tuhuma inapungua, kwa sababu "tu-" inamweka msomaji pamoja na msikilizaji.

9 Machi. Kiasi

Rafiki mmoja katekista ameuliza kwa nini hatufuati Biblia. Swali la haki. Kiingereza cha King James, 1611, kinasema katika waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5 aya ya 8, "Be sober, be vigilant". Kiswahili cha Union Version, 1952, kinasema, "Mwe na kiasi na kukesha". Kigiriki chake ni kitenzi cha kujizuia na mvinyo, kwa hiyo watafsiri waliona vema: asiyelewa ni mwenye kiasi.

Kwa "sober" ya tabia, kiasi ni tafsiri nzuri kabisa na nimeiingiza kwenye kidahizo chake. Kwa "sobering" haifai, kwa kuwa kiasi ni mwenendo wa kudumu, na neno letu ni la dakika moja ambayo jambo limekupiga ukasimama. Ila angalia jinsi kiasi na kukesha vinavyokaa pamoja katika aya hiyo. Kukesha tena! Kwa mara nyingine ulevi na usingizi vinashughulikiwa kwa pamoja, na njia ya kuzindua inazidi kupata nguvu.

Mwezi wa Ramadhani umeingia, baraza limesitishwa mpaka baada ya Idd.

13 Aprili. Swali la kabla

Kazi ya mwezi mzima nyuma ya pazia imezaa kanuni moja, na naiona kuwa ndiyo moyo wa kidahizo hiki. Kabla ya kuchagua tafsiri, muulize mwandishi wa Kiingereza: kabla ya habari hii, watu walikuwa wamelewa nini?

Nimelipitisha swali hilo kwenye mifano yote iliyomo kwenye mafaili, na imejigawa yenyewe. Kuna pale ambapo jibu lipo: walikuwa wamelewa ushindi, matumaini, sifa, au mazoea. Hapo neno la Kiingereza lina nguvu zake zote, na Kiswahili kinahitaji kuitaja hali ya kabla kwa sauti. Kisha kuna pale ambapo jibu halipo. Mwandishi ameliweka tu kwa sababu habari ni mbaya na alihitaji kivumishi cha heshima. Kiingereza cha magazeti kimejaa matumizi haya, na neno limefifia. Hapo "jambo la kuzingatia" linatosha, na mara nyingi ni bora kuacha kivumishi kabisa, namba ijisemee.

Mfano wa kundi la kwanza ni sentensi ya malaria, ambayo tumeitumia tangu mwanzo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Desemba 2024 inakadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, asilimia 95 yao katika kanda yake ya Afrika. Nchi nne, yaani Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania, zilibeba zaidi kidogo ya nusu ya vifo vyote. Hali ya kabla ipo: tangu 2000 mpaka 2015 vifo vilishuka sana, vyandarua vikaenea, dawa mseto zikafika vijijini, na watu wakaanza kuongea kana kwamba vita imekwisha. Baada ya hapo kushuka kukakwama.

Rasimu ya zamani: "Ripoti imetoa takwimu za kutisha kuhusu malaria."

Rasimu mpya: "Kwa miaka mingi vifo vya malaria vilikuwa vikipungua, tukazoea kushinda. Takwimu za 2023 zimetuzindua. Watu 597,000 walikufa, na zaidi kidogo ya nusu yao ni wa nchi nne tu. Tanzania ni mojawapo."

Nimezisoma zote mbili Chumbageni, juzi. Sanduku la kikundi lilikuwa wazi katikati, kufuli zake tatu zimewekwa pembeni kwenye kitambaa, na mweka hazina alikuwa anahesabu noti na kuandika. Ya kwanza ilipita, kalamu ikaendelea kutembea. Ya pili ilipofika "nchi nne tu", kalamu ilisimama juu ya daftari. Akanitazama. "Hiyo nusu, sisi tumo? Na watoto ni wangapi?" Nikamjibu kwa yaliyomo kwenye ripoti, kwamba katika kanda ya Afrika wale wa chini ya miaka mitano ni kama robo tatu ya waliokufa. Hakusema pole. Aliuliza vyandarua vya kliniki vinatolewa siku gani.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Neno linalofanya kazi yake humfikisha mtu kwenye swali la pili.

Gharama: nauli na vitafunio vya vikao vya mwezi huu, 24,000.

4 Mei. Pembe zilizobaki

Mlima Kilimanjaro. Sentensi ya mazingira inayosema zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo 1912 imekwisha kuyeyuka. Swali la kabla: fahari. Tafsiri: "Tumezoea kujivunia kilele cheupe. Vipimo vinatutoa katika ulevi huo." Hapa "kutoa ulevi" limeeleweka vizuri kwa sababu kilicholewewa kimetajwa jirani. Likisimama peke yake linarudi kwenye pombe.

"It is sobering to think that…" Muundo huu hauna mtenda, na kila aliyeufuata neno kwa neno ametoa Kiswahili kigumu: "ni jambo la kuzindua kufikiri kwamba". Tumepata: "Ukikaa ukafikiri kwamba…, akili inakurudi." Mtangazaji wa Shinyanga amelipenda na ameshalitumia hewani.

"A sobering effect", mtu akisifu kitu kilichotuliza kundi lenye jazba: "ilituliza vichwa". Kwa kijana mwenye mbwembwe aliyepata somo: "imemrudisha akilini".

Mwenzetu wa Bujumbura, anayefasiri kutoka Kifaransa, ametuma lake. Kifaransa wanasema "qui donne à réfléchir", na yeye amekuwa akiandika "linalompa mtu la kuwaza". Zuri, jepesi kutamka. Nimeliweka kwenye kundi la pili, la matumizi yaliyofifia. Kifaransa pia kina "dégrisant", lenye ulevi ndani yake kama Kiingereza, lakini anasema hakutani nalo mara kwa mara kwenye ripoti.

Maana halisi ya pombe. Katika baadhi ya miji ya Marekani, San Francisco ukiwamo, kuna "sobering center", mahali anapopelekwa mlevi wa barabarani apumzike chini ya uangalizi badala ya kufungwa mahabusu au kujaza chumba cha dharura. Tafsiri ya mashine iliyotufikia ilisema "kituo cha kutafakari". Hapa levuka amepata nyumba yake: kituo cha kulevukia. Hakuna mkanganyiko, maana pombe yenyewe ipo.

Tumekataa pia "kumrudisha mtu ardhini" na "kumshusha chini", zilizopendekezwa na vijana wawili. Ni Kiingereza kilichovikwa kanzu, na barazani "kumshusha" kumeeleweka kama kumdhalilisha.

11 Mei. Kidahizo kama kilivyo leo

Kimeingia kwenye faharasa kwa maneno haya:

"Sobering, kivumishi (kwa jambo, si kwa mtu). Linalomtoa mtu katika kujisahau kwa sababu ya ushindi, sifa, matumaini au mazoea, na kumfanya alitazame jambo kwa akili timamu. Halitumiki kwa furaha. Lisielekezwe kwa wafiwa. Tumia kitenzi chenye kiambishi cha mtu: imetuzindua, imewazindua; akili zikawarudi; imewatoa ulevi wa (taja). Maandishi: -a kutanabahisha. Likiwa limefifia: -a kuzingatia, -a kumpa mtu la kuwaza, au liache. Usichanganye na sober, -enye kiasi. Wala sombre, -a majonzi. Epuka: -a kutisha, -a kushtua, -a kulevusha."

Jumla ya matumizi ya kidahizo hiki ni shilingi 55,000, nyingi zikiwa za chai na nauli za baraza. Kwa atakayeiga: usikate fungu la wasikilizaji ili kuongeza la kamusi. Kamusi zilitupa asili ya neno, lakini mgongano wa zindua na wa levya ulisikika kwa masikio ya watu waliokaa chini wakihesabu hisa zao.

Kidahizo kinachofuata ni "humbling". Mtangazaji wetu tayari ana rasimu ya "ya kunyenyekeza", na Chumbageni wataisikia kikao kijacho.